Mwigizaji Anapowaogopa Watu wa Kwao

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, methali hiyo haitwambii lolote kuhusu mchezaji anayewaogopa watu wa kwao hata akashindwa kucheza. Kisa cha Will Smith, mwigizaji mashuhuri wa Marekani, kinastahili kutafakariwa na walimu na wanafunzi wa sanaa za maonyesho, kwani kinadhihirisha jinsi chuki inavyoweza kujificha ndani ya mtu asiyejidhania kuwa nayo.

Smith, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1968, alivuma kwanza kwa muziki wa rapu, kisha kwa vichekesho vya televisheni. Katika filamu ya Six Degrees of Separation ya mwaka 1993, iliyotokana na tamthilia ya John Guare, alipewa nafasi ya kuthibitisha kwamba aliweza uigizaji mzito. Alimwigiza Paul, kijana laghai anayejipenyeza katika nyumba ya matajiri wa New York kwa kudai kuwa ni mwana wa Sidney Poitier. Paul ni shoga, na mswada ulimtaka ambusu mwanamume mwenziwe. Smith alikataa katakata. Ikabidi tukio hilo lipigwe picha kutoka kisogoni, ili mtazamaji adhani kuwa busu limetokea.

Mwaka uo huo, akihojiwa na jarida la Entertainment Weekly, Smith alikiri kwamba kitendo chake kilikuwa cha kitoto. Alichokuwa akiwaza, alisema, ni vile rafiki zake wa Philadelphia wangemchukulia. Alisimulia pia kwamba Denzel Washington alikuwa amemshauri asiigize tukio la aina hiyo. Funzo alilolipata ni kuwa mwigizaji ama huukubali uhusika wote ama huuacha.

Hebu tulipime jambo hili kwa makini. Paul anadanganya, anatapeli, na ulaghai wake unamfikisha kijana mmoja kwenye kujiua. Hayo yote Smith aliyaigiza bila kusita. Alijua kwamba hakuna rafiki ambaye angemwita tapeli barabarani kwa sababu ya filamu. Lakini busu moja, aliamini, lingemganda maishani. Basi kwa nini utapeli uhesabiwe kuwa uigizaji, na busu lihesabiwe kuwa ukweli? Hapo ndipo chuki ilipokuwa imejibanza: katika kuona kwamba ni afadhali kufananishwa na mhalifu kuliko kufananishwa na shoga.

Isitoshe, katika filamu iyo hiyo aliigiza Ian McKellen, Mwingereza aliyekuwa amejitangaza hadharani kuwa shoga mwaka 1988. Doa ambalo Smith alilikwepa kwa dakika chache, mwenzake alikuwa akiishi nalo machoni pa watu. Aidha, mwaka huo huo wa 1993 Washington mwenyewe alionekana katika filamu iitwayo Philadelphia, akiigiza wakili anayewachukia mashoga lakini akajifunza kumtetea mmoja wao aliyefutwa kazi kwa kuugua UKIMWI.

Lugha yetu nayo ina ushahidi wake. Miongoni mwa wanawake wa pwani, shoga ni rafiki wa kike wa chanda na pete. Ni neno la mapenzi. Likielekezwa kwa mwanamume, neno lilo hilo hugeuka tusi. Neno halikubadilika sauti wala silabi. Kilichobadilika ni nia ya mwenye kulitamka.

Najua kwamba wasomaji wengi wana msimamo wa kidini juu ya suala hili, na kwamba mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kubatilisha vifungu vya sheria vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Mjadala huo una mahali pake. Langu ni la darasani. Mwalimu wa drama anafahamu vyema jinsi mvulana anavyokataa kuigiza mwanamke, au msichana kuigiza kahaba, kwa kuhofia jina la utani litakalomfuata hadi bwenini. Anafahamu pia kicheko kinachozuka pindi mvulana mwenye sauti nyembamba anaposimama kusoma. Huenda yupo darasani mwanafunzi ambaye kicheko hicho kinamchoma kuliko kiboko, naye anacheka pamoja na wenzake ili asishukiwe.

Mwalimu asikinyamazie kicheko hicho. Akisimamishe, awaulize wanafunzi wanachocheka ni nini hasa, na ni nani wanayemwogopa endapo hawatacheka. Smith alijiuliza swali hilo baada ya filamu kukamilika, wakati ambapo busu halingeweza tena kupigwa picha upya. Wanafunzi wetu wangali na nafasi ya kujiuliza mapema.