KUNI ZIKIADIMIKA, TUPUNGUZE MOTO, TUSIPUNGUZE AFYA



Karibuni mama mmoja alinijia na mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa anaharisha kwa siku ya tatu. Macho yalikuwa yameingia ndani na alilia bila machozi. Tulimpa ORS na vidonge vya zinki, na Alhamdulillahi jioni akaanza kunyonya tena. Nilipouliza habari ya maji ya kunywa, mama hakuficha: "Tabibu, zamani nilikuwa nachemsha. Sasa natoka alfajiri kutafuta kuni, narudi adhuhuri, na mzigo wenyewe ni wa siku mbili. Nichemshe maji au nipike maharage?"

Swali hili linaulizwa katika nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo. Wazee wetu wanakumbuka miyombo ikianzia nyuma ya ua. Kisha Warundi walikimbia vita mwaka 1993, na mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Mwaka 2015 likaja wimbi jingine kutoka Burundi, na kambi ya Nduta ikafunguliwa tena. Kila familia iliyofika iliweka mafiga yake matatu. Lakini tusiwabebeshe wageni lawama zote. Sisi wenyeji pia tumefyeka mashamba, tumechoma matofali na tumeuza mkaa.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Insha Allah tutafika. Ila chungu cha leo kinangoja leo, basi tuangalie moto mdogo tulionao utumikeje.

MAJI YA KUNYWA

Wengi tulifundishwa kuchemsha maji dakika kumi au zaidi. Huko ni kuteketeza kuni bure. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba maji yakishatokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda, vijidudu vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo vimekwisha kufa. Ukitaka moyo utulie, hesabu dakika moja, kisha epua. Yachuje kwanza kwa kitambaa safi, yafunike yanapochemka, na yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa. Yateleke mara tu unapoepua ugali, moto ukiwa bado mkali.

Kuni zikiisha kabisa, zipo njia mbili. Ya kwanza ni dawa ya klorini kama WaterGuard, kwa kufuata kipimo kilichoandikwa na kungoja nusu saa. Ya pili ni jua. Jaza maji maangavu katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, uzilaze juani kwa saa 6. Siku ikiwa na mawingu mengi, ziache siku mbili. Maji yenye tope hayafai kwa njia hii, na siku za mvua mfululizo usiitegemee.

Maji ya udhu, kuoga na kufua hayana haja ya kuchemshwa. Ila kipindupindu kikiingia mjini, hata ya kusukutulia yawe yaliyotibiwa.

MAHARAGE NA KIPORO

Maharage ndiyo yanayokula kuni nyingi. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo na uweke mengine. Yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi, kisha punguza moto, funika, yaive mpaka yalainike. Usiyaepue nusu mbichi ili kuokoa kuni. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha yasipochemshwa vizuri. Magadi yanalainisha haraka, lakini yanaharibu sehemu ya vitamini B.

Mwezi wa Ramadhani wengi hula daku kwa kiporo cha futari kikiwa baridi. Kifunike vizuri, na kabla ya kula pasha kile tu kitakacholiwa, mpaka kifuke mvuke hadi katikati.

MOSHI

Kuni kavu zikiadimika, tunachoma mbichi, mabua, hata plastiki. Moshi wake ni adui wa mapafu. WHO ilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani. Watoto wadogo hupata nimonia. Mama zao hupata kikohozi kisichokwisha. Pasua kuni vipande vyembamba, zianike chini ya paa, tengeneza jiko banifu la udongo, na usipike ukiwa na mtoto mgongoni. Plastiki usichome kabisa. Na baridi ya miinuko yetu isikushawishi kulala na jiko la mkaa chumbani. Linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke.

NANI ANAKWENDA MWITUNI?

Mwaka 2000 shirika la Human Rights Watch liliandika juu ya wanawake wakimbizi wa Burundi waliobakwa wakitafuta kuni nje ya kambi za magharibi mwa Tanzania. Hatari hiyo haichagui mkimbizi wala mwenyeji. Akina baba, mabinti wasiende peke yao. Mtume wetu (s.a.w.) alimsifu mtu anayechukua kamba akaenda kutafuta kuni kuliko kuombaomba, basi kubeba kuni si aibu kwa mwanamume. Ikiwa msiba huu umetokea, mfikishe hospitali upesi kabla hajaoga wala kubadili nguo. Dawa ya kuzuia Virusi vya UKIMWI lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani. Josho litafuata baadaye. Wala hana dhambi kwa alilofanyiwa.

Mwisho, tupande. Mijohoro na milusina hukua haraka. Misikiti na madrasa zetu zina viwanja. Mti wenye faida kwa kiumbe yeyote ni sadaka kwa aliyeupanda.

Na yule mama? Sasa anateleka maji baada ya ugali. Ameniambia mzigo ule ule unamtosha.

Wabillahi tawfiq.