Panya Ndani ya Mashua

Kila mwaka upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, hasa mwezi wa Juni na Julai, wavuvi wengi wa pwani wenye vyombo vidogo hupandisha vyombo vyao. Mashua huvutwa juu, mahali ambapo maji ya bamvua hayafiki. Huwekewa magogo chini ya mkuku, na magadi ubavuni ili isilale. Kisha hufunikwa kwa makuti, jua lisipasue mbao. Mwenyewe huenda shamba, au hutafuta kazi nyingine. Mashua hukaa hapo wiki nyingi.

Kwenye maziwa pia vyombo hupumzika. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Miezi yote hiyo mitumbwi ilikaa nchi kavu.

Lakini chombo kilichofunikwa hakikai tupu. Panya huingia.

Panya anataka vitu vitatu: chakula, maficho, na kitu laini cha kutandikia watoto wake. Katika mashua anavipata vyote. Chini ya sitaha ndogo ya omo kuna giza, wala hakuna mvua. Kuna magamba ya samaki na mabaki ya chambo yaliyokauka katikati ya mataruma. Kuna punje za mchele pale mabaharia walipopikia. Na kitu laini kipo tele, yaani tanga, kamba, nyavu, na kalafati.

Hapo kwenye kalafati ndipo penye hatari. Mashua ya mbao haizuii maji kwa mbao peke yake. Kati ya ubao na ubao fundi hupigilia pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta. Panya huvutwa na harufu ya mafuta hayo, na pamba humfaa kwa tundu lake. Huichomoa kidogo kidogo kutoka ndani. Ukitazama mashua kwa nje huoni kitu. Rangi ni ile ile, mbao ni zile zile. Utagundua siku ile uko mbali na nchi, mawimbi yanapiga ubavu, na maji ya ngama yanapanda upesi kuliko unavyoweza kuyafua.

Tanga nalo ni hivyo hivyo. Panya hutoboa tanga likiwa limekunjwa. Tundu moja katika kitambaa kilichokunjwa mara sita huwa matundu sita likikunjuliwa. Upepo mkali ukishika hapo, tanga huchanika toka juu hadi chini. Wenye mashine wasidhani kwamba wamesalimika. Panya hutafuna mpira wa kupitishia petroli na nyaya za umeme. Petroli ikivuja karibu na waya uliochunika, moto u karibu.

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote. Kwa hiyo ni lazima atafune vitu vigumu ili ayapunguze. Ndiyo maana hutafuna hata mbao na mpira, vitu ambavyo si chakula.

Tena panya huongezeka upesi. Mimba yake ni wiki tatu hivi. Tuseme jike na dume wameingia katika mashua yako mwanzoni mwa Juni. Jike akizaa mara tatu kabla ya Septemba, na kila mara watoto sita, hao ni 18. Ongeza wazazi wawili: 20. Si wote watakaoishi, lakini hata nusu yao wanatosha kumaliza tanga.

Sasa tufanyeje? Watu wengi hukimbilia sumu. Mimi naona sumu ni ya mwisho, tena si kila mahali. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Sumu nyingi zinazouzwa madukani humwua baada ya siku kadhaa. Huenda akafia katikati ya mbao usipoweza kumfikia. Watoto hucheza pwani, na kuku na paka hupita hapo. Na mashua ni chombo cha kubebea chakula. Vipande vya sumu vikibaki katika mataruma, kesho samaki watalala juu yake.

Naftalini, pilipili na mafuta ya taa hutumiwa na wengi. Harufu yake huisha upesi katika upepo wa pwani, na panya mwenye njaa huizoea. Paka husaidia, ila hawezi kuingia chini ya sitaha alikojificha panya mdogo.

Kazi kubwa ni kumnyima panya vile vitu vitatu. Siku ile ile ya kupandisha mashua, kabla hamjatawanyika, toeni kila kitu. Ondoeni mbao za kukanyagia. Sugueni katikati ya mataruma kwa brashi na maji mengi, mpaka harufu ya samaki iishe. Fungueni tundu la kutolea maji, na acheni mashua ikauke siku mbili kabla ya kuifunika. Sanduku la mchanga la kupikia lisibaki ndani. Kazi hii huchosha, na kila mtu anataka kwenda nyumbani, lakini ikiahirishwa haifanywi.

Tanga, kamba na nyavu visikae katika mashua. Vioshwe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, vianikwe vikauke kabisa, kisha vitundikwe ndani ya nyumba. Visigusane na ukuta wala sakafu. Hata hivyo panya hutembea juu ya kamba kama mtu barabarani. Dawa yake utaiona bandarini. Meli kubwa zikifunga gati, mabaharia huvika kila kamba sahani pana ya bati. Panya akifika kwenye sahani hawezi kuizunguka. Wewe fanya vivyo hivyo. Kata bati la mviringo, upana wake kama sinia, litoboe katikati, pitisha kamba ya kutundikia, kisha funga fundo ili bati lisiteleze.

Baada ya hapo tazama matundu. Chukua hiyo kalamu ya risasi unayoandikia darasani. Tundu linaloingiza kalamu hiyo, panya mdogo wa nyumbani aweza kupita. Tundu linaloingiza kidole gumba, panya mkubwa aweza kupita. Usizibe kwa matambara wala kwa mti laini, maana atatafuna. Pigilia kipande cha debe au wavu wa waya wenye macho madogo.

Mtumbwi au ngalawa iliyofunguliwa matengo yake yaweza kuinuliwa kabisa. Jenga chanja ya miti minne imara, yenye urefu wa meta moja na zaidi. Kila mti uviringie bati laini karibu na juu, pana kiasi cha mikono miwili iliyokunjuliwa. Panya atapanda mti, atafika kwenye bati, atateleza. Chanja iwe mbali na ukuta na matawi ya miti, maana panya aweza kuruka.

Mashua kubwa haiinuliki hivyo. Kwa hiyo safisha pande zote, hatua tano au sita. Ondoa majani, vifuu, makuti mabovu na takataka, kwa sababu panya hapendi kuvuka mahali peupe. Makuti ya kufunikia yatandikwe juu ya fito, yasishikane na mbao. Kila wiki fika uyafunue, upige mbao kwa fimbo, utazame. Mahali panaposumbuliwa kila mara panya hazalii. Kama mwenyewe uko mbali shambani, elewaneni wavuvi wa bandari moja, mtu mmoja azungukie vyombo vyote, kwa zamu.

Ukiona mavi meusi kama punje za mchele, panya yumo. Tega mitego siku hiyo hiyo. Chambo kizuri ni nazi ya kuchoma au dagaa. Panya hupita kando kando, kwa hiyo tega ubavuni, usitege katikati. Mitego mitano kwa usiku mmoja ni bora kuliko mtego mmoja kwa siku tano.

Usimshike panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Mzike. Na mavi yake usiyafagie makavu, kwani vumbi lake lina madhara. Yamwagie kwanza maji ya sabuni au dawa ya klorini, ngoja kidogo, kisha yafute kwa kitambaa.

Jambo hili si dogo. Mwezi wa Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, walipatwa na ugonjwa uliotisha wengi. Wagonjwa 20 walitambuliwa, na watatu kati yao walifariki. Wizara ya Afya ilieleza kuwa ni homa ya mgunda. Vijidudu vyake hukaa katika mkojo wa panya na wanyama wengine, na huingia mwilini kwa njia ya maji au udongo wenye mkojo huo, hasa penye mchubuko. Sasa fikiri maji ya mvua yaliyokusanyika ndani ya mashua yenye panya, na wewe unaingia miguu mitupu, kidole kimekatwa na kombe. Vaa viatu vya mpira. Ukishikwa na homa kali, maumivu ya kichwa na ya misuli ya miguu, au macho yakiwa mekundu au ya manjano, nenda zahanati mapema na umweleze mganga kwamba ulisafisha chombo chenye panya. Ugonjwa huu una dawa ukiwahi.

Siku ya kushua ikikaribia, ingia ndani na taa, pitisha kidole katika kila mwunganiko wa mbao. Palipo na pamba iliyochomoka, mwite fundi atie kalafati upya. Kisha ishueni mashua maji yakijaa, muifunge karibu na nchi usiku mmoja bila mzigo. Mashua iliyokauka juani huvuja, hilo ni la kawaida. Itatoa maji kidogo kidogo mahali pengi, na mbao zikivimba yatapungua. Lakini maji yakiingia kwa nguvu mahali pamoja, na asubuhi bado yanaingia vile vile, hapo hakuna pamba. Ipandisheni tena.