Risasi Tatu Hazitoshi Kuuhukumu Mtutu

Bunduki mpya ya kuwindia inapokosa shabaha, mwenyewe hukimbilia bisibisi. Atakaza skrubu za darubini, atabadili aina ya risasi, atasugua mtutu, kisha atapiga risasi tatu kwenye karatasi. Matundu yakikaribiana anaamini amepata tiba. Yakitawanyika, anageukia jambo jingine. Boksi la risasi linakwisha, la pili linakwisha, na bunduki ni ileile. Nadai kwamba mara nyingi kinachomshinda mtu huyu ni kipimo chake: risasi tatu haziwezi kutenganisha bunduki iliyopona na bunduki iliyobahatisha. Dai hilo lina hesabu yake, nami nitaieleza. Lakini lina pia historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilibebwa mabegani mwa wapagazi kupita Tabora.

Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikavuka Ugogo hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji, bunduki ilikuwa bidhaa, ulinzi na heshima kwa wakati mmoja. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857. Msafiri Stanley alipofika Kwihara, karibu na hapo, Juni 1871, msafara wake ulikuwa kama duka la silaha: Winchester na Henry za kupiga risasi kumi na sita, bunduki ya tembo ambayo gololi zake nane zilitimiza ratili moja, na kwa ajili ya walinzi, magobori 24 ya gumegume. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa bunduki ya kawaida ya njia ile. Majeshi ya Ulaya yalipobadili silaha, mitutu ya zamani ilimiminika Zanzibar. Konseli wa Uingereza mwaka 1888 alikadiria bunduki zinazoingia pwani kuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Gobori la kawaida la njia ile lilikuwa na mtutu laini, usio na mifereji ndani.

Tazama kinachotokea ndani ya mtutu wa namna hiyo. Gololi ya duara hutengenezwa ndogo kuliko tundu la mtutu, la sivyo mdeki usingeweza kuisukuma hadi chini baada ya masizi kujaa. Katika gobori la kijeshi la Kiingereza, tundu lilikuwa na upana wa karibu milimita 19 na gololi karibu 17.5. Kwa hiyo gololi haikupita mtutuni kama pistoni ya injini inavyopita kwenye silinda yake. Iligongagonga kuta, na ukuta ulioguswa mwisho ndio ulioamua itoke ikielekea wapi na ikizunguka namna gani. Mwingereza Benjamin Robins, aliyechapisha kitabu chake cha elimu ya mizinga mwaka 1742, alilithibitisha hili kwa jaribio ambalo hadi leo linapendeza kwa urahisi wake. Aliukunja mdomo wa mtutu kidogo kuelekea kushoto, akapiga. Gololi ilianza kwenda kushoto, kama mtu angetarajia, kisha ikapinda hewani kurudi kulia. Ilikuwa imebingirika kwenye ukuta wa kulia ilipokuwa inatoka, ikapata mzunguko, na mzunguko ule ukaivuta upande. Ni kanuni ileile inayoupinda mpira wa kona hadi ukaingia wavuni. Tofauti ni kwamba mpiga kona amechagua mzunguko wake, ilhali mwenye gobori alipewa mwingine kila alipofyatua.

Ongeza baruti. Baruti nyeusi ni takriban sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti, na zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi hata kidogo: hubaki masizi na chumvi zinazoganda mtutuni na kufyonza unyevu wa hewa. Risasi ya tano hupita katika mtutu usio sawa na ule uliopitwa na ya kwanza. Kiasi cha baruti nacho kilipimwa kwa mkono, wakati mwingine kwa haraka, wakati mwingine gizani. Mpigaji yuleyule, gobori lilelile, na bado kila mlio ulikuwa na nguvu yake, mwelekeo wake na mzunguko wake.

Hapa ndipo penye kiini. Bunduki inaweza kukosa kwa namna mbili, na namna hizo hazina undugu. Ya kwanza ni kupotoka: matundu yote yako pamoja, lakini kando ya alama. Hiyo hutibiwa kwa kusogeza darubini, na ni kazi ya dakika chache. Ya pili ni kutawanyika: matundu yametapakaa, hayana kitovu kinachoonekana. Hiyo haitibiwi na darubini kamwe, kwa sababu hakuna mahali pamoja pa kusogeza. Gobori lilikuwa na ugonjwa wa pili, na watu wa Unyamwezi walilijua hilo kwa vitendo kabla ya kuandikiwa kitabu. Agosti 1871, wapiganaji wa mtemi Mirambo, aliyekuwa vitani na Waarabu wa Tabora, hawakujipanga mbali wakabadilishana risasi na Waarabu waliokuwa wakirudi na nyara kutoka Ulyankulu; walijilaza katika nyasi ndefu kando ya njia, wakainuka karibu kabisa. Silaha inayotawanya haina maana kwa mbali, basi fupisha umbali. Hiyo ilikuwa mbinu ya kivita, lakini ilikuwa pia usomaji sahihi wa silaha walizokuwa nazo.

Dawa ya kutawanyika ilijulikana: kuchonga ndani ya mtutu mifereji inayopinda taratibu, ili risasi iibane, itoke na mzunguko mmoja unaojirudia kila mara. Shida ilikuwa kuishindilia, mpaka Mfaransa Minié alipotengeneza mwaka 1849 risasi yenye tako wazi, inayoingia kwa ulegevu na kutanuka baruti inapolipuka. Kisha zikaja ganda la shaba na kiasi cha baruti kilichopimwa kiwandani, na bunduki kama Mauser ya mwaka 1871, ambayo bado ilibebwa na kombania nyingi za askari wa Kijerumani huku Afrika Mashariki Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914. Watawala waliielewa vizuri tofauti hii. Mkataba wa Brussels wa 1890, ambao Zanzibar nayo iliutia saini, uliruhusu Waafrika wauziwe magobori ya gumegume yenye mtutu laini na baruti ya biashara, lakini ukazuia bunduki zenye mifereji. Mpaka wa nguvu kati ya mtawala na mtawaliwa uliwekwa, kwa maandishi ya sheria, juu ya mtawanyiko wa matundu.

Sasa turudi kwa bunduki mpya. Mtutu wake una mifereji, na risasi hutoka ikizunguka maelfu ya mara kwa sekunde. Mtawanyiko umepungua sana, ila haujaisha, na uliobaki bado ni wa kubahatisha. Hesabu ya uwezekano inaeleza hivi: bunduki ambayo kwa wastani hutoa kundi la sentimita 3 kwa risasi tatu, umbali wa mita 100, itatoa mara kwa mara makundi ya sentimita 2 na ya sentimita 4 bila mtu kugusa hata skrubu moja. Bunduki hiyohiyo ikipigwa risasi kumi katika karatasi moja, kundi litakaribia sentimita 5. Haijaharibika; imesema ukweli wake wote. Mtu anayebadili kitu kila baada ya risasi tatu anaisoma bahati kama dalili ya ugonjwa, kisha anaisoma bahati nyingine kama dalili ya kupona.

Ndiyo maana mpangilio wa uchunguzi una uzito kuliko vifaa. Kwanza pata kundi la kuaminika, bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya mifuko ya mchanga. Likiwa dogo lakini kando, sogeza darubini, basi. Likiwa kubwa, badili jambo moja tu kwa wakati, ukianzia yale yanayolegea: vishikio vya darubini, kisha skrubu zinazofunga chuma kwenye kitako. Kwa Tabora, kitako cha mti kinahitaji jicho la ziada. Mti uliokaushwa Ulaya hufyonza unyevu wa masika na kunywea tena kiangazi. Mti huo ukigusa mtutu upande mmoja, mtutu ukipata moto risasi zitaanza kutambaa kuelekea upande mmoja. Karatasi nyembamba ipitishwe kati ya mti na mtutu. Inapokwama, ndipo panapobana, isipokuwa kama kiwanda kimeweka mguso huo kwa makusudi. Angalia pia ukingo wa mdomo wa mtutu, kwani mkwaruzo mdogo hapo huachia gesi upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi tako lake. Mwisho jaribu risasi za aina nyingine. Mwinuko wa Tabora, kama mita 1,200, hauna hatia: hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, lakini kwa mita 100 tofauti yake haionekani.

Kuna pingamizi mbili za haki. Ya kwanza ni kwamba risasi ni ghali, na mtutu mwembamba wa kuwindia hupata moto mapema, hivyo risasi kumi mfululizo hupima joto kuliko kupima bunduki. Ni kweli, na jibu ni kutozipiga mfululizo. Piga mbili au tatu mtutu ukiwa baridi, rudi siku nyingine na karatasi ileile, au pachika karatasi mpya juu ya ya zamani na kuhamisha matundu kwa sindano. Kundi linajengwa kwa wiki, na ndilo linalofanana na uwindaji, kwa maana mnyama hupigwa kwa mtutu baridi. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: wawindaji wa tembo wa Unyamwezi waliilisha Zanzibar pembe kwa miongo mingi kwa magobori hayahaya mabovu. Waliilisha, lakini kwa ujasiri wa kunyemelea hadi hatua chache, na mara nyingi kwa bunduki kadhaa kulia pamoja. Mnyama aliyejeruhiwa na kutoweka hahesabiwi katika pembe zilizofika pwani. Mafanikio yao yanathibitisha ustadi wa watu, hayauthibitishi mtutu.

Kwa hiyo wewe mwenye kibali na bunduki mpya, kabla hujashika bisibisi, weka karatasi moja, uandike juu yake tarehe, aina ya risasi na hali ya mtutu, wala usibadili chochote mpaka ifikishe matundu kumi.