Picha ya Dunia Ikichomoza: Habari ya Safari ya Apollo 8

Watu wakumbukapo habari za safari za mwezini, mara nyingi hukumbuka siku moja tu, nayo ni tarehe 20 Julai, 1969, siku ambayo Neil Armstrong alitia mguu wake katika vumbi la mwezi. Siku hiyo yastahili sifa yake. Hata hivyo Armstrong na wenzake hawakuwa watu wa kwanza kufika huko. Kati ya mwaka wa 1968 na mwaka wa 1972 zilifanywa safari 9 za watu kwenda mwezini, wakaenda watu 24, na katika hao 12 ndio walioukanyaga. Safari iliyozitangulia zote ilikuwa ya Apollo 8, ambayo haikutua. Katika safari hiyo ilipigwa picha ambayo imeenea ulimwenguni kote, yaonyesha dunia ikichomoza juu ya upeo wa mwezi. Na juu ya picha hiyo kulikuwa na ubishi wa miaka mingi, ni nani aliyeipiga. Swali hilo laonekana dogo, lakini walioulizwa walikuwa watatu tu, wote walikuwapo, na hawakukubaliana.

Watatu hao walikuwa Frank Borman, mkuu wa chombo. James Lovell, aliyeshika kazi ya kuongoza njia. Na William Anders, ambaye mojawapo ya kazi zake ilikuwa kupiga picha za uso wa mwezi.

Hapo kwanza Apollo 8 haikukusudiwa kwenda mwezini hata kidogo. Ilikusudiwa kuizunguka dunia, ili kukijaribu chombo kidogo kitakachotumika kutua. Lakini chombo hicho kilikawia kutengenezwa, na katika mwezi wa Agosti, 1968, George Low, mmojawapo wa wasimamizi wa kazi hiyo, alitoa shauri kwamba watu wapelekwe mpaka mwezini pasipo chombo cha kutua. Shauri hilo lilikuwa zito. Tarehe 27 Januari, 1967, wenzao watatu, Grissom, White na Chaffee, walikuwa wamekufa kwa moto ndani ya chombo chao katika majaribio, kingali juu ya ardhi. Roketi ya Saturn V, yenye urefu wa mita 110, ilikuwa imerushwa mara mbili tu, tena bila mtu. Na mara ya pili, tarehe 4 Aprili, 1968, ilitikisika vibaya, injini mbili za sehemu yake ya pili zikazimika kabla ya wakati wake, na injini ya sehemu ya tatu ikakataa kuwaka tena ilipotakiwa. Kwa upande mwingine Warusi hawakulala. Katika mwezi wa Septemba mwaka ule ule chombo chao Zond 5 kiliuzunguka mwezi kikiwa kimechukua kobe, kisha kikarudi na kuangukia katika Bahari ya Hindi, na kobe wakiwa hai. Wamarekani walihofu kwamba chombo kingine cha namna hiyo huenda kikachukua mtu.

Yafaa kueleza hatari yenyewe ilikuwa wapi, maana si kila mtu aielewa. Kwenda karibu na mwezi ni jambo moja, na kubaki hapo ni jambo jingine. Chombo kikipita tu, kikaachwa kiende kwa mwendo wake, mvuto wa mwezi waweza kukigeuza na kukirudisha upande wa dunia. Lakini ili kiuzunguke mwezi, hapana budi kipunguze mwendo. Na kikiisha kupunguza hakiwezi tena kurudi pasipo kuongeza mwendo. Kazi hizo mbili zilitegemea injini moja. Chombo cha kutua kingekuwapo, kingekuwa na injini yake ya akiba. Nao hawakuwa nacho. Tena injini hiyo ilipasa kuwashwa nyuma ya mwezi, mahali ambapo sauti ya redio haifiki. Basi wale waliokuwa wakingoja katika nchi ya Texas hawangeweza kujua kama imewaka au haikuwaka, mpaka chombo kitokeze upande wa pili.

Siku ya kuondoka nayo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Roketi iliondoka Florida tarehe 21 Desemba, 1968, mwezi ukiwa mchanga kabisa. Sababu yake ni kwamba walitaka kutazama mahali ambapo wenzao wangetua baadaye, katika uwanda uitwao Bahari ya Utulivu, ambao hauna hata tone la maji. Uwanda huo uko upande wa mashariki wa uso wa mwezi. Mwezi ukiwa na siku tano hivi, jua huko ndiyo kwanza limepanda, na vivuli vya vilima na mashimo huwa virefu, hata rubani aweza kupambanua mwinuko na bonde. Jua likiwa la utosi vivuli hutoweka, na nchi yote huonekana sawasawa. Kwa hiyo mwezi uliokuwa ukiendewa ndio ule ule ambao kwa mwandamo wake Waislamu walifungua Ramadhani ya mwaka wa 1388 wakasali Idi.

Kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyepata kwenda mbali na dunia zaidi ya kilomita 1,400 hivi, na huo ulikuwa mwendo wa Gemini 11 katika mwaka wa 1966. Hawa walikwenda zaidi ya kilomita 370,000. Borman aliugua njiani, akatapika, lakini alipata nafuu. Tarehe 24 Desemba walipita nyuma ya mwezi, injini ikawaka kwa muda wa dakika nne na zaidi kidogo, wakawa wameingia katika mzunguko, baadaye kwa urefu wa kilomita 110 hivi juu ya uso wa mwezi. Kila mzunguko ulichukua muda wa saa mbili, nao walizunguka mara 10.

Jambo la ajabu ni kwamba katika mizunguko mitatu ya kwanza hawakuiona dunia ikichomoza. Kisa ni kwamba chombo kilikuwa kimeelekezwa chini, madirisha yakitazama mwezi, kwa kuwa mwezi ndio walioujia. Katika mzunguko wa nne Borman alianza kukigeuza chombo polepole kwa ajili ya kazi ya kupima njia. Ndipo dunia ilipotokeza katika dirisha, buluu na nyeupe, juu ya nchi iliyokuwa na rangi ya majivu. Mmoja wao alipaza sauti kwa mshangao, na picha zikapigwa haraka haraka: kwanza moja isiyo ya rangi, kisha za rangi.

Hapa ndipo ubishi ulipoanza. Borman alisimulia kwa miaka mingi kwamba yeye ndiye aliyeishika kamera, na kwamba Anders alimzuia kwa kusema kuwa picha hiyo haimo katika ratiba. Ni hadithi nzuri, nayo yamfaa mkuu wa chombo. Na kwa kuwa alikuwa mkuu, wengi waliipokea bila swali. Anders kwa upande wake alisema kuwa picha ni yake. Lakini ndani ya chombo kulikuwa na mtambo uliokuwa ukinasa maneno yao hata walipokuwa nyuma ya mwezi, na maneno hayo yaliandikwa. Mwandishi Andrew Chaikin alipoyachunguza alikuta kwamba mambo yalikuwa kinyume: aliyetaka kupiga picha alikuwa Anders, naye Borman ndiye aliyefanya mzaha wa ratiba. Anders alisikika akimwomba Lovell ampe upesi filamu ya rangi, na Lovell akaitafuta.

Hata hapo ile picha moja isiyo ya rangi iliendelea kuhesabiwa kuwa ya Borman, kana kwamba ni fungu lake katika mapatano. Nayo pia iliondoka mikononi mwake. Katika mwaka wa 2013 wataalamu wa NASA walitumia ramani za milima ya mwezi zilizochorwa na chombo kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, kilichorushwa mwaka wa 2009, wakazilinganisha na picha zenyewe na sauti zilizonaswa. Kwa njia hiyo waliweza kujua chombo kilikuwa wapi na kimegeukia wapi kwa kila sekunde. Ikaonekana kwamba dunia ilitokeza kwanza katika dirisha la upande wa Anders, na picha zote zilikuwa zake.

Haifai kumdhania Borman kuwa alisema uongo. Yeye ndiye aliyekuwa akikigeuza chombo, yeye ndiye aliyebeba roho za wenzake wawili, na mzaha ule ulisemwa kweli kweli. Kilichobadilika ni mdomo uliousema. Wapokeaji wa habari za kale wa kila nchi wamekutana na jambo hili, ila ni mara chache sana wamepata tepu ya kuwaamulia.

Usiku ule watatu hao walisoma kwa redio aya za kwanza za kitabu cha Mwanzo, zikasikiwa na watu wengi mno. Kisha, tarehe 25 Desemba, nyuma ya mwezi, injini iliwaka kama ilivyotakiwa. Katika kurudi Lovell alikosea namba moja katika kompyuta, akafuta sehemu ya kumbukumbu yake, hata mtambo haukujua tena chombo kimeelekea wapi. Ikambidi autafutie mwelekeo upya kwa kupima nyota. Katika mwaka wa 1970, ndani ya Apollo 13 iliyoharibika, ilimlazimu kufanya kazi ya namna hiyo tena, na safari hiyo haikuwa kwa kosa lake. Chombo cha Apollo 8 kiliangukia katika Bahari ya Pasifiki tarehe 27 Desemba. Borman alifariki mwaka wa 2023, Anders mwaka wa 2024, na Lovell mwaka wa 2025.

Picha kama inavyochapishwa kwa kawaida imegeuzwa: mwezi umewekwa chini, na dunia juu yake, kama jua juu ya bahari. Anders aliipiga uso wa mwezi ukiwa umesimama wima upande wa kulia. Mpaka wa mchana na usiku, yaani mstari wa machweo, wapita katika bara la Afrika. Katika Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa moja na dakika arobaini za usiku, jua limekwisha kuchwa, na mwezi mchanga ulikuwa ungali juu upande wa magharibi. Kwa hiyo pwani ya Waswahili imo katika ile sehemu ya dunia iliyo gizani, ambayo katika picha haionekani.