Nyuki Hawalipiwi Dipoziti

Mwaka jana mwezi wa saba nilimtumia mtu nisiyemjua shilingi 3,000 ili aniletee nyuki. Eeh, nyuki. Tangazo lake mtandaoni lilisema "kundi kamili na malkia, unaletewa hadi shambani". Picha zilikuwa safi, jamaa alikuwa na maneno matamu, na mimi nilikuwa na mzinga mtupu kwa shosho kule Mwingi ulionikaa rohoni tangu Mei. Pesa ilipofika akaniambia gari limeharibika njiani, niongeze 1,200 ya makanika. Hapo ndipo nilishtuka. Nilipokataa, simu yake haikushikwa tena. Niliripoti kesho yake, lakini alikuwa ameshatoa pesa zote.

Shosho aliposikia alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mjukuu wangu," akaniuliza, "na hawa wa babu yako walinunuliwa wapi?" Mizinga ya magogo ya marehemu babu bado inaning'inia kwenye mgunga nyuma ya boma. Mitatu ina nyuki, na hakuna aliyewahi kuwalipia hata ndururu.

Ukweli usemwe, kosa langu lilianza kabla ya yule jamaa. Nilijifunza ufugaji kwa video za Marekani na Uingereza, na huko kila mtu anakwambia ngoja majira ya kuchipua, Aprili na Mei, ndipo nyuki huongezeka na kugawanyika. Nami nikatundika mzinga wangu katikati ya Mei. Lakini Mwingi haina majira ya kuchipua. Kuna mvua, halafu kuna maua yanayofuata mvua. Kufika mwisho wa Mei mvua za masika kwa kawaida zimeisha, na kuanzia Juni hadi Septemba ni ukavu, nyuki wanabana matumizi kama sisi tarehe ishirini. Mvua ya kutegemewa zaidi Ukambani ni ya vuli, Oktoba hadi Disemba. Kwa hivyo nilikuwa nimeweka mtego siku ambayo wageni wanafunga safari ya kurudi.

Maua yakiwa mengi, chavua na nekta huingia kwa wingi, malkia hutaga kwa kasi na mzinga unajaa. Vibarua wanaanza kulea malkia wapya. Kabla hao hawajatoka, malkia wa zamani huondoka na karibu nusu ya kundi, pengine zaidi, kutafuta nyumba nyingine. Hao ndio unaowatega. Wakiwa bado wamejikusanya kwenye tawi, wapelelezi wao huzunguka wakikagua mashimo. Wanapenda mahali pakavu penye giza, mlango mdogo, juu kidogo kutoka ardhini, na nafasi ya kama lita 40. Harufu ya nta inawavuta sana, maana ni dalili kwamba nyuki wenzao waliwahi kuishi hapo.

Septemba tukaushusha mzinga, ambao ni wa aina ya Kenya Top Bar. Ndani kulikuwa na buibui na kiota cha panya. Tulisafisha, shosho akayeyusha nta ya masega ya zamani ya babu, tukapaka mstari mwembamba chini ya kila kijiti, katikati kabisa, ili nyuki wajue pa kuanzia sega. Hapo pia nikagundua fundi alikuwa amekata vijiti vingine sentimita 4. Kwa nyuki wetu upana unaotakiwa ni sentimita 3.2. Ukizidi, wanajenga masega yanayokatizana na hutaweza kuinua kijiti kimoja bila kuvunja vingine. Pima mwenyewe kabla hujamlipa fundi salio! Tulitundika kwa waya kivulini, mbali na njia na mbuzi, juu ambapo nyegere hafiki, na waya tukaupaka grisi kwa sababu ya sisimizi.

Wiki ya tatu ya Novemba shosho akanipigia. Nyuki kama kumi walikuwa wanaingia na kutoka, miguuni hawana chavua. Wapelelezi. "Usiguse," nikamwambia, kana kwamba yeye ndiye mwanafunzi. Siku ya pili yake, mchana, wakaja wote kwa mvumo uliofanya mbuzi mmoja akate kamba.

Hapa ndipo wengi tunaoanza tunaharibu, kwa sababu hamu ya kufunua ni kubwa. Usifunue. Nyuki wetu wakisumbuliwa mapema huhama bila kuaga. Pia usiogope ukiona wamepungua wiki ya pili au ya tatu. Kibarua huchukua karibu wiki tatu toka yai hadi nyuki kamili, na kabla hapo wazee wanakufa na hakuna wa kujaza pengo. Chungulia mlangoni tu. Ukiona chavua inaingia miguuni, kuna uwezekano mkubwa wanalea watoto. Nilifunua baada ya wiki tano, jioni, nikiwa na suti na bomba la moshi. Masega saba! Februari tulitoa matatu, mengine tukawaachia.

Sasa pesa. Kuna wafugaji wa kweli wanaouza mizinga yenye nyuki ndani. Nenda ukaone kwa macho, kisha ulipe hapo hapo, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Jina likiwa tofauti na la mtu uliye naye, simama uulize. Ukitapeliwa usingoje kesho kama mimi, ripoti dakika hiyo hiyo, kwa sababu pesa ikishatolewa kuirudisha ni kazi ngumu.

Mzinga wangu wa pili niliuwekea akiba kwenye simu, shilingi 60 kila siku kuanzia Julai mosi. Kufika Septemba 18 nilikuwa na 4,800, bei ya fundi, bila kugusa mkopo wa simu. Tuliutundika kabla mwezi haujaisha, mti wa tatu kutoka ule wa kwanza. Jana shosho amenitumia picha: buibui mmoja, na wingu zito upande wa mashariki.