Taa za Ufukweni na Watoto wa Kasa

Kasa jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo juu ya mahali maji yanapokomea yakijaa, hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi, huyafukia, kisha hurejea baharini. Fukwe za Watamu nchini Kenya na za Mafia nchini Tanzania ni miongoni mwa mahali hapo pa kutagia. Baada ya miezi miwili hivi watoto huanguliwa na kuchomoza mchangani, kwa kawaida usiku, pasipo mama wa kuwaongoza.

Kiongozi wao ni mwanga. Ufukweni pasipo na taa, upande wa bahari hung'aa kuliko upande wa nchi kavu uliotiwa giza na miti na matuta ya mchanga. Mtoto wa kasa hufuata palipo na nuru zaidi, naye hufika majini. Taa ya baraza au ya bustani ikiwaka nyuma yake, huigeukia hiyo. Huko huliwa na kaa au ndege, hukanyagwa na magari barabarani, au hukaushwa na jua la asubuhi. Hata akiifikia bahari, huwa amekwisha kutumia nguvu aliyotoka nayo yaini kwa ajili ya kuogelea mbali.

Mwenye nyumba au hoteli ya ufukweni azingatie mambo yafuatayo, kwa utaratibu huu:

1. Zima taa isiyo na kazi. Hatua hii haina gharama. Funga mapazia ya madirisha yanayotazama bahari.

2. Shusha na kinga taa inayohitajika. Iwekwe chini, ielekezwe chini, na balbu ifunikwe upande wa bahari. Taa inayojiwasha mtu apitapo na kujizima baadaye hufaa zaidi.

3. Chagua rangi. Maandishi ya pakitini yaweza kumpoteza mnunuzi: balbu nyeupe yenye alama ya 2700K huonekana ya manjano machoni petu, lakini bado hutoa mwanga wa buluu na kijani, ambao huwavuta watoto wa kasa. Inayofaa ni LED ya rangi ya chungwa iliyokolea au nyekundu, yenye mwanga wa nanomita 560 na zaidi. Kipimo hicho kisipoandikwa, muulize muuzaji kabla ya kulipa. Aidha, usinunue balbu kali kuliko haja, kwani hata rangi inayofaa ikizidi ukali hupotosha.

Kupima kazi yako ni rahisi. Usiku, chuchumaa ufukweni karibu na maji na utazame nyumba yako. Ukiiona balbu yenyewe, mtoto wa kasa naye ataiona.

Mgeni anayetembea ufukweni usiku naye asiwamulike kasa kwa tochi wala simu, wala asiwapige picha kwa taa ya kamera.