Kanisa ni la nani? Hati, ufagio na bati linalovuja

Leo naomba nigusie jambo ambalo tunalipita kila Jumapili bila kuliangalia: jengo tunalosalia ni mali ya nani, na nani analitunza?

Kuna waumini fulani hapa Mpanda nilikuwa nasali nao. Tofali za kuchoma walifyatua wenyewe, akina mama wakasomba maji, vijana tukabeba mawe ya msingi. Kiwanja alitoa mzee mmoja, Mungu amrehemu. Hakuna aliyemuuliza karatasi, maana kumdai mzee wa kanisa karatasi ilionekana ni utovu wa adabu. Mzee alipofariki, wanawe wakaja na hati ya mauziano ina jina la baba yao. Kwenye mirathi kile kiwanja kikahesabiwa mali ya marehemu, na jengo likaenda nacho. Sisi tukarudi chini ya mwembe. Hapo ndipo nikaanza kuulizia mambo haya.

Kumbe iko hivi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais anaishika kama mdhamini kwa niaba yetu. Tunachopewa ni haki ya kuitumia, na hati inaweza kufika miaka 99. Sasa "waumini" si jina la kuandika kwenye hati. Kanisa kuandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, ni jambo moja. Kumiliki mali kunahitaji bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA. Bodi ikishasajiliwa, mali inakuwa ya bodi, si ya mtu. Mdhamini akifa au akihama anaingia mwingine, kiwanja hakitikisiki.

Wenye makanisa makubwa msicheke, na ninyi yanawahusu. Kwenu bodi iko ngazi ya juu, jimboni, dayosisi au makao makuu. Swali ni je, kiwanja cha kigango chenu kilishaandikwa kwa jina la bodi, au bado kiko kwa mzee fulani?

Lakini karatasi peke yake haizuii mvua. Nendeni Karema, pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walianza kituo chao pale 1879, na 1885 wakawakabidhi Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers. Pale ndipo alipofanya kazi katekista na tabibu Adrien Atiman, aliyezaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa. Alitibu watu Karema hadi alipofariki 1956. Tangu 1885 wamepita Wajerumani, Waingereza, uhuru, mkoa wa Rukwa, halafu Katavi mwaka 2012. Jimbo Katoliki la Mpanda lenyewe ni la mwaka 2000 tu! Watawala wamebadilika, watu bado wanasali Karema. Misheni haidumu hivyo kwa wamisionari peke yao. Kuna watu wamefagia, wamepaka chokaa na kupanda juu ya paa, kizazi baada ya kizazi.

Upande mwingine kuna ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, waliokuja kutoka Burundi kuanzia 1972. Baada ya kukubaliwa uraia waliambiwa watahamishiwa mikoa mingine, baadaye mpango ukasimamishwa, na 2014 wakaanza kupewa vyeti vya uraia. Jiulize, katika ile miaka ya kusubiri, nani angetoa hela ya bati jipya la kanisa wakati hajui mwakani atakuwa wapi? Ndiyo maana nasema umiliki na utunzaji ni ndugu. Mtu hutunza anachojua hakitachukuliwa kesho.

Kwa hiyo nashauri haya. Anayetoa kiwanja aandike akiwa hai, mke na watoto wake wakubwa wakishuhudia, na serikali ya mtaa au kijiji ijue. Barua hiyo isiishie kwenye droo ya mchungaji, ifuatiliwe hadi jina la bodi liandikwe.

Pili, mvua zetu huanza Novemba, basi paa likaguliwe Oktoba. Msumari uliolegea ukigongwa mapema ni kazi ya nusu saa. Ukiachwa, maji yanaozesha kenchi. Mchwa nao hawana Jumapili. Zibua mifereji, ondoa udongo ulioegemea ukuta. Wekeni mfuko wa matengenezo peke yake, msichanganye na wa sherehe, na mavuno yakitoka kila jumuiya itoe chochote, hata debe la mahindi. Mahesabu yasomwe mbele ya wote.

Sisi chini ya mwembe tumeanza kuchanga upya. Safari hii tofali zitasubiri, karatasi kwanza.

Naomba kuwasilisha. Na ninyi huko kwenu, hati ina jina la nani?